Mama Frida Alipita Vichakani

Mimi ndiye niliyesema. Naanza na hilo kwa sababu hadi leo watu wa kambini wanamlaumu mzungu, na mzungu kweli ana lake, lakini mdomo ulioanzisha kesi ni huu wangu.

Mama Frida alikuwa mhudumu wa vyumba katika kambi ya mahema ya watalii karibu na lango la Ikoma, nami nilikaa mapokezi. Jina lake la kuzaliwa ni Mokami, Mkurya wa Tarime aliyeolewa kijijini Kisaka na kufiwa na mume mapema. Tembo walimmalizia mahindi misimu miwili mfululizo, ndipo akaja kutandika vitanda vya watu waliotoka ng'ambo kuwatazama tembo hao hao. Alilisema hilo mwenyewe huku akicheka. Miaka mitatu hakuwahi kuchukua hata kalamu. Mgeni akisahau soksi moja, aliileta mapokezi ameishika kwa ncha za vidole: "Eugenia mwanangu, andika, mguu mmoja umebaki."

Julai akaja Bwana Henrik na mkewe. Bwana Henrik alikuwa mpelelezi wa polisi kwao kwa miaka thelathini, sasa amestaafu, na likizo ilikuwa imeshaanza kumchosha. Siku ya tatu pete ya mkewe ilipotea, nikaona macho ya mzee yamechangamka kuliko alipoonyeshwa simba.

Mkewe alisema aliivua asubuhi, akaiacha mezani kando ya kitanda. Ilikuwa pete ya marehemu mama yake. Alilia kweli, na kwa hilo simlaumu. Bwana Henrik akatoa daftari. Alihesabu hatua kutoka hemani hadi kwa dobi, akakagua zipu, akatuhoji mmoja mmoja, mimi nikiwa mkalimani. Niseme ukweli, nilijisikia mtu mkubwa. Aliponiuliza kama niliona jambo lolote lisilo la kawaida, nilijibu upesi kama mwanafunzi anayetaka kusifiwa. Nilimwona Mama Frida akitoka hema namba sita, hema lao, na bunda la mashuka. Alitazama njiani, akasita, kisha akaacha njia na kukatiza vichakani. Na njiani hapakuwa na kitu, ila dereva Wangwe ameegemea gari lake.

Ila dereva Wangwe. Nilitamka hivyo kwa kinywa changu, na bado sikuelewa kitu.

Wangwe alikuwa na wiki tatu tu kazini, ameletwa kwa msimu wa wageni. Ndiye aliyemwoa Frida, na hakuna aliyekuwa ametuambia. Kwa Wakurya, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakutani uso kwa uso. Mmoja akimwona mwenzake mbele anampisha, hata kama ni kuingia kwenye miiba. Mimi ni wa Bukoba, meneja wetu Baltazar ni wa Rombo, tungejulia wapi? Wangwe aliondoka na wageni alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo wiki zote tatu walipishana salama. Siku ile mke wa Henrik alichoka, gari likarudi saa tano asubuhi.

Kesho yake Bwana Henrik alituita wafanyakazi wote kwenye ukumbi wa chakula ili amtaje mwizi. Wangwe alikaa mbele. Mama Frida alifika mlangoni, akamwona, akarudi nyuma na kujifunika kanga usoni.

"Mnaona?" akasema Bwana Henrik, nami nikatafsiri.

"Mama, ingia ndani," Baltazar akaamuru.

"Nisamehe bosi. Niulize hapa hapa nje, nitajibu yote."

"Ingia, nimesema! Asiye na kosa anaficha uso wa nini?"

Akamshika mkono akamvuta, kanga ikaanguka. Wangwe aliinuka, akajiziba uso kwa kofia na kutokea mlango wa jikoni, nusura amwangushe mpishi. Tulidhani hata yeye amechukizwa na mwizi.

Mama Frida alisimama katikati yetu. Akaulizwa kwa nini alipita vichakani.

"Kulikuwa na mtu njiani."

"Mtu gani?"

Akainama kuokota kanga yake. Kumtaja mkwe wake katika kesi ya wizi, mbele za watu, hakuweza. Bwana Henrik alinigeukia nimweleze, nikamwambia kwamba hataki kusema. Kabla ya saa sita mchana Mama Frida alikuwa ameshavua sare.

Jioni Wangwe alimweleza Baltazar kila kitu. Akajibiwa kwamba mambo ya mila asimletee, wageni wameshaambiwa.

Baada ya wiki mbili ikaja barua pepe. Pete haikuachwa mezani kamwe, ilikuwa ndani ya kidole cha glavu. Mke wa Henrik alivaa glavu asubuhi ile kwa baridi ya gari la wazi, na alipozivua pete ikatoka nazo. Aliikuta kwao alipokuwa akifungua mizigo. Waliomba radhi. Baltazar aliisoma, akasema nafasi imeshajazwa.

Niliichapa ile barua, nikakaa nayo mwezi mzima kwa woga. Mwishowe nikapanda pikipiki hadi Kisaka. Nilimkuta anaanika mtama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikamsomea kwa Kiswahili, neno kwa neno. Hakulia. Hakucheka pia.

"Frida amejifungua," akasema. "Mjukuu wangu wa kwanza. Sijamwona. Wangwe aliacha kazi, wakarudi Tarime, na huko sijaitwa."

"Mama, nitaenda mimi. Nitawasomea hii barua, wajue hukuiba."

"Hilo walilijua tangu siku ile, mwanangu. Mkwe wangu aliniona navutwa mkono, uso wazi, mbele yake. Karatasi yako itafuta hilo?"

Nilikunja ile barua. Nilitamani anitukane, anifukuze, lolote. Yeye alizungusha mtama kwa kiganja, kisha akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mchana ule pete ilipopotea tulikunywa uji pamoja jikoni, mimi na wewe, kabla hujaitwa na yule mzungu. Mbona hukuniuliza?"

Akaingia ndani, akaniletea maziwa ya mgando, nikayanywa.