Tulipoisafisha Amplifaya ya Mjomba Festo

Asubuhi za baridi za Iringa zilinukia moshi wa kuni za miwati, na mwaka ule nilipokuwa darasa la tatu moshi huo ulichanganyika na harufu nyingine: sabuni ya mche iliyoyeyushwa katika maji ya uvuguvugu, siki kidogo, na chini ya hizo, sigara na pombe, vitu ambavyo nyumbani kwetu havikuwa na ruhusa ya kuvuka kizingiti. Tulikaa Kihesa, juu ya mteremko, mahali ambapo upepo ulipiga mabati kutwa nzima. Uani, juu ya mkeka mkuukuu, lilikaa sanduku jeusi lililonifikia kifuani, lenye spika mbele na mkono wa kubebea juu. Ilikuwa amplifaya ya gitaa. Mjomba Festo, mdogo wake mama, aliipigia muziki katika baa za Mbeya kwa miaka mingi, na wakati tunaisafisha yeye alikuwa ameshazikwa.

Mjomba alijifunza gitaa katika kwaya ya kanisa letu. Kisha akaenda Mbeya, akaingia bendi ya dansi, akaishi na mwanamke bila ndoa. Wazee wa kanisa walimwandikia, wakamngoja, halafu wakamtenga na Meza ya Bwana. Jina lake lilisomwa mbele ya usharika, na bibi, mama yake mzazi, alikuwa ameketi pale pale kwenye benchi la akina mama akisikia. Baadaye bendi ilikwenda kupiga Chunya kwa wachimba dhahabu, na walipokuwa wakirudi gari lao lilipinduka. Alizikwa huko huko kabla habari hazijatufikia. Kwetu kengele haikupigwa wala ibada haikufanyika. Mchungaji alikuja kumpa bibi pole, akaketi na kunywa chai kama jirani, bila joho. Bibi alivaa kaniki ya msiba akakataa kuivua. Katika ukoo wetu msiba humalizika vitu vya marehemu vinapoletwa nyumbani, wanawake wakavifua, ndugu wakagawana. Kutoka Chunya hakikuja hata kitambaa cha mkononi.

Ndiyo maana Mwalimu Ezekia, kiongozi wa kwaya, aliporudi kutoka Mbeya alikokwenda kutafuta amplifaya iliyotumika, alipitia kwetu kwanza kabla ya kufika kanisani. Mwenye baa aliyemwuzia alikuwa amemtajia mpigaji wake wa mwisho. Mama alilitazama lile sanduku nyuma ya gari, akavuta upande wa khanga mdomoni. Baraza la wazee lilikutana. Mzee Luvanda, ambaye ndiye aliyesoma jina la mjomba siku ile, aliweka sharti. Alisema harufu ya baa haitafika madhabahuni. Chombo kikisafishika, kiletwe, kisiposafishika, kiuzwe. Mama akaomba kazi hiyo apewe yeye.

Nilimsikia jikoni akimweleza bibi sababu. Chombo chochote cha kanisa huombewa kabla hakijatumika. Mchungaji hukiwekea mikono mbele ya watu wote. "Sisi hatuwaombei wafu, mama, najua," alisema. "Lakini hili sanduku wataliombea. Mikono ya mchungaji itakaa pale ilipokaa mikono ya Festo. Nataka hilo tu." Bibi alikoroga uji muda mrefu, kisha akasema, "Basi lioshe vizuri. Wasipate pa kushika."

Fundi redio wa mtaani alitufundisha namna ya kufanya. Maji yasimwagwe kabisa, kwa sababu ndani ni mbao na nyaya. Tupige povu katika beseni, tuchukue povu peke yake kwa kitambaa kilichokamuliwa, tupanguse kipande kidogo kidogo na kukausha papo hapo. Tusilianike juani, gundi ingeachia na ngozi bandia ingejikunja kingo. Ngozi ile ilikuwa na vinyweleo vidogo kama ganda la chungwa, na uchafu ulikuwa umelala ndani ya kila kishimo. Mama alipangusa sehemu pana. Mimi nilipewa mswaki mkuukuu nipite pembeni, kwenye vyuma vya kona na chini ya mkono wa kubebea. Povu la kwanza lilitoka jekundu, nalo lilikuwa vumbi la barabara za Mbeya. Lililofuata lilitoka la manjano, zito, likinata, na mama alisema huo ni moshi wa sigara za miaka. Juu ya sanduku, mahali ambapo mjomba alizoea kuketi au kulaza kichwa wakati wengine wanapiga, ngozi ilikuwa imebonyea na kung'aa, na pale kitambaa kilitoka na mafuta ya nywele. Mama alikinusa, akakikunja, akachukua kingine.

Maji machafu hatukuyamwaga njiani. Bibi alisimamia jambo hilo mwenyewe: yalipelekwa kwenye shina la mparachichi, mahali watu wasipokanyaga, kama yafanyiwavyo maji ya kufulia nguo za marehemu. Nikaelewa, ingawa hakuna aliyeniambia, kwamba kazi tuliyokuwa tukifanya ilikuwa na majina mawili, moja la kuwaambia wazee wa kanisa na jingine la humu ndani.

Jirani yetu Mama Zuhura, mke wa muuza vitambaa, ambaye wazee wake walikuja Iringa kutoka pwani, ndiye aliyetuletea siki. Alikuwa akiegemea ua na kututania.

"Mama Tumaini, ukiendelea kusugua hivyo utamfikia mzungu aliyelitengeneza."

"Nikimkuta nitamwuliza dawa ya harufu," mama akajibu bila kuinua kichwa.

"Dawa ninayo mimi. Nikuletee chetezo, tulifukize udi usiku kucha, asubuhi linukie kama bi harusi."

"Wee! Mzee Luvanda akinusa udi atasema nimelipitisha msikitini."

"Basi si litakuwa limeswali pande zote?" Mama Zuhura akacheka mpaka akashika ua. Mama naye akacheka, na tangu habari za Chunya zilipofika sikuwa nimemwona akicheka. Kisha kicheko kikamgeuka. Akaketi chini kando ya beseni, viganja vikichuruzika povu, na Mama Zuhura akazunguka ua akaja kuketi naye.

Jambo lililonitisha lilikuwa sauti. Nyumba yetu haikuwa na umeme, na waya wa lile sanduku ulikuwa umeviringishwa na kufungwa kwa kamba. Hata hivyo, kila tulipoligeuza ili tupanguse upande mwingine, kitu ndani yake kiliguna. Mguno ulianza chini, ukatetemeka, ukachelewa kuisha, kama radi iliyo mbali upande wa pili wa milima. Lori zito likipita barabarani chini yetu, sanduku liliguna lenyewe, hapana mtu karibu. Baadaye fundi alinieleza kuwa mle ndani kuna springi ndefu za kuipa sauti mwangwi, na zikitikiswa hulia. Namshukuru kwa maelezo yale, lakini yalikuja nikiwa nimeshamsikia bibi. Lori lilikuwa limepita, sanduku likaguna, na bibi, akichambua maharage kwenye ungo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Anajigeuza. Ubavu umemuuma." Akaendelea kuchambua.

Kadiri harufu ilivyopungua, bibi alizidi kulikaribia sanduku. Alianza kuja uani mapema kabla ya mama, anavuta kigoda, anaketi ameinamisha uso karibu na kile kibonyeo cha juu. Siku moja alimshika mama mkono wenye kitambaa. "Upande wa nyuma uache," alisema. "Nani ataugeuza? Niachie huo." Nilikuwa nimemwona akiusugua upande ule jioni iliyopita, na bibi naye nadhani alijua, kwa maana aliuachia mkono kabla hajajibiwa. Hapo ndipo nilipoona ugumu wa kazi ya mama. Ili ndugu yake apate maombi, ilimpasa amfute. Kila povu lililotoka safi lilimpeleka karibu na Jumapili ile, na lilimpunguzia alichobakiwa nacho.

Mzee Luvanda alikuja kukagua akiwa amevaa koti lake la ibada. Alikataa kiti. Alivua miwani, akapiga magoti kwenye mkeka, akanusa mbele, ubavuni, nyuma, taratibu, kama mtu anayepima maziwa kama yameshaharibika. Juu kulikuwa na alama za sigara zilizounguza ngozi. Mama alikuwa amezipaka dawa ya viatu nyeusi, lakini vidole vya mzee vilizipata. Alipita juu ya kila moja. Alipofika kwenye kibonyeo akaweka kiganja, akakiacha pale kwa muda uliotufanya tutazamane.

"Sabuni," alisema hatimaye. "Nasikia sabuni tu."

"Ndiyo, mzee," mama akasema.

"Umefanya kazi, binti." Aliinuka kwa shida, akakung'uta magoti. Mlangoni alisimama akiwa ametugeuzia mgongo. "Kwenye kwaya alikuwa ananiimbia sauti ya pili," alisema, kisha akaenda zake.

Jumapili hiyo bibi alikwenda kanisani na kaniki yake. Amplifaya iliwekwa mbele, kando ya kwaya, ikang'aa kama kiatu kipya. Mwalimu Ezekia aliiwasha mapema ili ipate moto, kwa kuwa zile za zamani hazitoi sauti mpaka taa zake za ndani zipate joto. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Mchungaji akashuka, akaweka mikono yake juu, hasa pale palipobonyea, akaanza kuomba. Maombi yalikuwa marefu. Nasi sote, wazee, fundi, mama, mimi na mswaki wangu, tulikuwa tumefanya kosa moja: tulisafisha ngozi ya nje tukasahau kuwa moshi ulikuwa umeingia kwenye mbao. Joto lilipopanda, sanduku likaanza kutoa kilichokuwa ndani yake. Kwanza harufu ilinijia mimi, niliyekuwa na mama na bibi kwenye benchi la pili, halafu nikaona vichwa vikiinuka kimoja kimoja. Sigara, bia iliyomwagika zamani, mafuta ya nywele. Ilikuwa kana kwamba mjomba ameingia kwa mlango wa pembeni, amechelewa, anatafuta pa kukaa.

Mchungaji alinyamaza katikati ya sentensi. Mama alinikamata mkono, kucha zikaniingia. Niliona midomo yake ikisema tafadhali, tafadhali. Ndipo bibi aliposimama. Hakuimba wala hakulia. Alisimama vile tunavyosimama jeneza linapoingizwa kanisani, mikono chini, uso mbele. Mama akasimama. Benchi lile la akina mama likasimama, kisha lililo nyuma yake, na mbao zikalia kanisa zima. Mzee Luvanda alikuwa upande wa wanaume. Watu wameniuliza mara nyingi kama naye alisimama. Sijui. Nilikuwa mfupi, niliona migongo tu. Mchungaji alingoja mpaka pakatulia, mikono bado iko pale pale, akamalizia maombi yake kwa neno moja ambalo halikuwamo katika kitabu cha ibada. Alisema, "Mpokee." Chombo, kwa kawaida, huombewa kwa kusema "Kipokee." Hakuna aliyemsahihisha.

Juma lile bibi alivua kaniki. Harufu haikukoma siku ile. Ilirudi kila Jumapili sanduku lilipopata moto, ikawa inapungua, na mama alihamia benchi la mbele ili aipate. Sikumbuki ni lini iliisha. Nakumbuka tu kumwona siku moja, wimbo umeanza, ameinua uso kidogo na kungoja, kisha akaushusha.

Leo mimi ni mzee wa kanisa, cheo ambacho zamani zile mwanamke hakukipata. Kwaya ina kinanda cha umeme na spika ndefu kuliko mlango, vyote vimetoka dukani vikiwa kwenye maboksi, na vijana huviombea kwa dakika moja. Sisi nasi tumejifunza. Tunazika watu ambao wazee wetu wasingewazika, nami namshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Lakini bado tunachelewa. Mtu akiwa hai tunamwandikia na kumngoja aje. Akishafariki ndipo tunapokuwa wapole, tunapiga magoti, tunapangusa kila kona kwa subira. Ile subira ya mama yangu ningependa Mjomba Festo angeipata akiwa na masikio ya kuisikia.

Basi mwezi uliopita, baraza liliponipa jina la kijana wetu aliyeacha kanisa na sasa anapiga kinanda katika baa moja Mwanjelwa, sikuandika barua. Nilipanda basi kwenda Mbeya na miguu yangu hii mibovu. Alipoliona vazi langu la mzee wa kanisa mlangoni alishuka jukwaani amebadilika rangi.

"Shikamoo, bibi. Umekuja kunisomea barua ya baraza?"

"Marahaba. Nimekuja kukusikia."

"Humu? Twende nje, bibi, watu wa kanisa watakuona."

Nikamwambia wakiniona wanisalimie. Nikaomba soda, nikaketi meza ya mbele, nikamwambia arudi akamalize wimbo wake.