Dereva wa Zamda

Kabla Raymundi hajashika simu isiyo yake, Zamda binti Uwesu alikuwa akisengenya kama watu wengine wote wa mtaa wa Chemchem, Tabora, yaani kwa WhatsApp.

Asubuhi moja, siku iliyofuata harusi ya mjukuu wa shangazi yake, alimwandikia shoga yake Veneranda kwamba pilau la jana lingefaa zaidi kuzibia nyufa za ukuta. Veneranda, mwalimu mstaafu wa kupiga chapa, alikuwa akikaa nyumba ya nyuma na mumewe Raymundi. Huyu Raymundi alikuwa mtu wa reli, na tangu astaafu hakuwa na treni ya kungojea tena, basi akawa anangojea simu ya mkewe ilie. Ilipolia asubuhi ile akausoma ujumbe, akacheka hadi akakohoa, akataka kumrushia rafiki yake aliyeko Kaliua. Kidole kikateleza. Ujumbe ukatua kwenye kundi la harusi, walimokuwa bibi harusi, wapishi wote, na shangazi Asmahani mwenyewe.

Zamda alikwenda kuomba radhi na dumu la asali mkononi. Shangazi Asmahani alilipokea dumu, na kuhusu radhi akasema ataifikiria.

Mtu mwingine angeacha kusengenya. Zamda alifikiri jambo hilo kwa muda wa kutosha kunywa kikombe cha chai, akaona haliwezekani. Ujana wake aliumaliza kwenye mtambo wa simu, akiunganisha watu wa Tabora na wa Kigoma na Dodoma, na huko alijifunza raha ya kusikiliza. Mitambo ya kujiendesha ilipokuja, akafungua kiduka chake: fotokopi, kuchapa barua, kuwaombea watu vyuo na vyeti mtandaoni. Kompyuta alijifunza kwa kuziharibu. Na kwa kuwa flashi za wateja zilikuwa zimejaa virusi kama shuka la gesti, aliweka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, akasahau virusi ni nini.

Stoo kwake zilikuwepo kadi mbili za modemu. Siku hizi ukitaja modemu mjini Tabora unapewa kile kijiti cha kuchomeka laini ya simu. Zile za Zamda zilikuwa bibi zake hicho kijiti, modemu za enzi ambazo kompyuta ilipiga simu kama mtu, ikasubiri ipokelewe, halafu ikaanza kupiga kelele. Moja akaiweka kwenye kompyuta yake ya chumba cha nyuma, nyingine kwenye kompyuta kuukuu ya Veneranda. Kati ya nyumba hizo mbili kulikuwa na kamba ya kuanikia nguo, ya ushirika tangu zamani. Zamda akaizungushia waya wa simu wa nyuzi mbili, akatia betri ndogo ya kuupa waya uhai, na kazi ikaisha. Huyu akiandika huku, yule anasoma kule. Hakuna wa kurusha ujumbe kwenye kundi lolote, na ukizima mashine maneno yote yamekufa.

Raymundi alipouliza waya ule wa nini, mkewe alimwambia ni wa kuimarisha kamba. Akaridhika, akaanika suruali zake juu yake.

Miaka ikaenda hivyo, miaka mitamu, mpaka diski ya kompyuta ya Zamda ilipokufa. Akanunua nyingine, akaweka Linux mpya kabisa, kwa sababu tovuti za maombi zilikuwa zimeanza kuikataa ile ya zamani. Kila kitu kikawaka vizuri. Printa ikaitika, skana ikaitika. Modemu ikanyamaza kimya kama mkwe.

Modemu haifanyi kazi bila programu ndogo inayoiendesha. Vijana wa mjini huiita draiva. Zamda, aliyesoma Kiswahili chake kwa walimu wakali, aliiita dereva, na kwa kuwa dereva ni mtu, akaipa na ngeli ya mtu. Dereva huyu alikuja kama maandishi matupu, na ilibidi umkompaili, yaani umpike, ndipo kompyuta immeze. Na ilibidi apikwe kulingana na kerneli, ule moyo wa Linux. Sasa kerneli ilikuwa mpya, na dereva alikuwa ameandikwa zamani, na walioandika walishafunga kampuni na kutawanyika.

Mara ya kwanza alipompika, skrini ilijaa makosa kutoka juu hadi chini. Zamda akavaa miwani. Alichokiona hakikuwa kigeni kwake, kilikuwa ni kama kwenda ofisi uliyoizoea ukakuta meza zote zimehamishwa. Dereva anamwita yule wa kupanga muda, kerneli inajibu kwamba hapa hakuna mtu wa jina hilo. Anafuata faili alilolijua, faili limehamia chumba kingine. Anataka kusinzia kidogo akisubiri laini, anaambiwa usingizi wa namna hiyo ulipigwa marufuku. Basi kazi ikawa kumshika mzee mkono, kumpitisha meza hadi meza na kumwambia, huyu siku hizi anaitwa hivi, yule ukimsalimia mtangulizie hiki. Akirekebisha kosa moja, yanatokea mengine yaliyokuwa yamejificha nyuma yake. Alisoma majibizano ya watu wa mbali waliokwama kama yeye, wengi wao wakishauri kwamba dawa ni kuitupa modemu. Hao hawakuwa na Raymundi.

Shida ilikuwa kwamba habari za matengenezo ilibidi azitoe kwa simu ya kawaida, na kwa simu alijua Raymundi yuko karibu na sikio lake limesimama. Kwa hiyo alizungumza na Veneranda kwa mafumbo. Na siku moja alikuwa akizungumza hivyo huku Levina, mkaza mwana wa shangazi Asmahani, amesimama kaunta akisubiri fotokopi zake.

"Yule dereva wangu wa zamani bado hataki kuingia, shoga," Zamda alikuwa akisema. "Nimembembeleza, nimemlazimisha. Tatizo tangu nipate hii mpya anaikataa. Lakini simwachi. Nimemzoea mno."

Levina alilipa, akasahau nakala zake mezani, akatoka mbio.

Jioni ile ile shangazi Asmahani alitokea. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mwendo wa polepole, na hakuwa na desturi ya kutoka kwake bila sababu. Alipenda kusema babu yao alibeba mizigo ya misafara hadi pwani na kurudi, na kwamba kwenye kurudi alibeba habari. Na isitoshe alikuwa na jambo lake. Kwa muda mrefu alikuwa akimtafutia Zamda mume, maana ujane wake ulikuwa umemchosha, yaani ulimchosha shangazi. Sasa alishampata Twalibu muuza mchele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nimekuja kwa miguu yangu, kwa hiyo usinizungushe. Kuna dereva?"

Zamda akaona mara moja neno limetoka wapi. Akaona pia linaweza kwenda wapi. Akashusha macho kwa adabu.

"Yupo, shangazi."

"Wa zamani?"

"Zamani sana. Tulikuwa tunaelewana vizuri. Tangu nibadilishe mambo humu ndani ndiyo amekuwa mgumu."

"Na yuko wapi?"

"Chumba cha nyuma."

Asmahani akalitazama pazia, akateremsha sauti. "Sasa hivi?"

"Hatoki, shangazi. Hana kazi nyingine anayoijua."

"Ndugu zake wanasemaje?"

"Walishamtelekeza wote. Namlea mimi."

"Dini yake?"

"Sijawahi kumsikia akiitaja."

Shangazi akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. "Na Twalibu tumwambie nini?"

"Mwambie ukweli. Kwamba nina dereva, na bado sijamalizana naye."

Asmahani aliondoka akiwa amesahau kuaga. Zamda akaingia chumba cha nyuma, akauma upindo wa kanga yake ili kicheko kisisikike barabarani.

Neno lililopandwa lilimea. Lilipofika sokoni, dereva alikuwa ni wa lori la tumbaku. Lilipofika stesheni alikuwa na mke mwingine Nzega na alikuwa amemkimbia. Zamda hakukanusha wala hakuthibitisha. Alichofanya ni kununua kandambili kubwa za kiume na kuziacha mlango wa nyuma, upande wa vidole ukitazama ndani.

Aliyemjua dereva kuliko wote alikuwa Raymundi. Alimweleza mkewe kwamba amemwona kwa macho yake, mtu mrefu, ana mwanya, anatembea kama mwenye deni. Veneranda alilazimika kuinuka kwenda kutazama maharage ambayo hayakuwa jikoni. Baadaye wanawake wa mtaani wakaanza kusema wameona na suruali ya dereva imeanikwa kwa Zamda bila aibu, ya kahawia, ina kiraka cha goti la kushoto. Raymundi akakubaliana nao kwamba ni ufedhuli mkubwa. Akaongeza kwamba, ajabu, na yeye anayo kama ile ile.

"Shemeji," alimwambia Zamda siku alipokuja dukani kuvizia, "mimi si mtu wa kuingilia. Ila huyo bwana ukimwona, mwambie kamba ile ni ya watu wazima. Aombe ruhusa."

"Nitamwambia, shemeji. Ingawa siku hizi hanisikii."

Hilo lilikuwa kweli na lilimuuma. Maana wakati mji ukimsengenya dereva wa hewa, dereva wa kweli alikuwa bado anagoma. Makosa yalikuwa yamepungua hadi likabaki moja, lile la mpanga muda, na hilo lilimshinda kabisa. Alijaribu namna zote alizozijua. Alikasirika, akafunga mashine, akaenda kuchambua mchele usio na mawe. Kilichomtesa zaidi ni kuwa hii ilikuwa hadithi tamu kuliko zote zilizowahi kupita Chemchem, na mtu pekee wa kuifurahia naye alikuwa ng'ambo ya kamba ya nguo, na hawakuweza kuisema, maana popote Veneranda alipokwenda, Raymundi alimfuata.

Alilipata kosa lile mchana mmoja duka likiwa tupu. Zamani mpanga muda alikabidhiwa mzigo mkononi. Siku hizi anakabidhiwa jina lake tu, na mzigo anautafuta mwenyewe. Ilikuwa ni hilo tu. Zamda akabadilisha mistari michache, akapika. Skrini ikapita kimya, bila kosa hata moja. Akamwingiza dereva ndani ya kerneli, na kerneli ikamkubali, ila ikaandika onyo kwamba kwa kumpokea huyu, yenyewe imeingia doa.

"Karibu," Zamda akaiambia. "Tuko wawili."

Akampigia Veneranda, akasema neno moja, "Washa," akakata. Kisha akaamuru modemu ipige. Ikatoa mluzi, ikakwaruza, ikanguruma, halafu ikalia kama bati linaloburutwa juu ya bati. Zamda alikuwa hajausikia mlio huo kwa muda mrefu, na kwake ulikuwa mzuri kama taarabu.

Mlio ule ule ulisikika barabarani. Na barabarani, wakati huo huo, walikuwa wamesimama shangazi Asmahani na Levina, waliokuja kumfumania dereva.

"Anakoroma," Levina alinong'ona.

"Baki hapa ulinde," shangazi akamwambia. "Mimi mtu mzima, naingia."

Aliingia kweli, kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwake, akafunua pazia. Chumbani hakukuwa na kitanda wala mwanamume. Alikuwemo Zamda, kompyuta iliyofunguliwa ubavu, na mlio uliokuwa ukikatika.

Zamda alisimama. Hakukuwa na pa kukimbilia, basi akaeleza yote, akiionyesha kadi, waya, na dirisha ambamo waya ulitoka kwenda kukutana na suruali ya Raymundi. Shangazi alisikiliza bila kukatiza. Kisha akaielekezea kidole ile kadi.

"Kwa hiyo huyu ndiye."

"Anaendesha hiyo kadi. Ndiye, shangazi."

"Nilimwombea dua huyu," Asmahani akasema. "Baada ya swala, kwa jina la dereva. Ahame mji."

"Nisamehe, shangazi."

Kwenye skrini maneno yalikuwa yameanza kutokea yenyewe, herufi kwa herufi, kwa mwendo wa mwalimu wa kupiga chapa. Veneranda alikuwa akiandika kwamba Raymundi amemweleza padri habari za dereva, na padri ameuliza kama dereva huyo anaweza kubeba mchanga wa kanisa. Asmahani akavuta kiti, akasoma akitikisa midomo. Mabega yake yakaanza kutetemeka, na ilimchukua Zamda kitambo kutambua kwamba anacheka.

"Na haya Raymundi hayaoni?"

"Hayaoni."

"Kundini hayaendi?"

"Hayana njia ya kwenda. Nikizima, yamekwisha."

Shangazi akainuka, akajipangusa macho kwa ncha ya mtandio, akatoka hadi mlangoni. Zamda alimsikia akimwambia Levina, kwa sauti nzito ya mtu aliyeshuhudia makubwa, kwamba dereva ametoka kwa dirisha, yeye amewahi kuona mgongo tu, na ameelekea stesheni, akimbie akamwangalie asije akapanda treni ya Mpanda. Kandambili za Levina zikasikika zikipiga lami hadi zikapotea.

Kuhusu Twalibu, shangazi alikuja kusimulia baadaye kwamba alimpa pole na akamkuta ana furaha kupita kiasi, kwa sababu na yeye alikuwa akisukumwa tu na alikuwa na mtu wake mtaa wa Ipuli. Lakini hilo halikuwa na haraka. Siku ile shangazi alirudi chumbani, akavua viatu, akakaa mbele ya mashine kama mtu aliyefika kwake.

"Mimi hizi herufi sizijui zilivyokaa. Mwandikie wewe Veneranda, mimi nitasema."

"Nianzie wapi, shangazi?"

Asmahani akajipanga vizuri kitini.

"Anzia kwa Levina," akasema.