Nilitundika kibao MTI HUU HAUUZWI kwa jacaranda ya landlady, sasa mimi ndio nachungwa

Wakuu, sasa.

Wale wananijua hapa wanajua mimi sina uongo, niko tu na maneno mengi. Hii kitu imenitokea hapa Nakuru, mtaa wa Section 58, na jacaranda yenyewe bado imesimama. Mwenye anashuku akuje aiulize.

Kwanza mnielewe. Kuna watu wa mpira, kuna watu wa siasa, mimi ni mtu wa miti. Hata kalenda yangu ni ya miti.

January kukikauka, mhuti unaangusha majani yote unabaki na maua mekundu peke yake, kama mtu ameenda harusi na tai bila shati. Mvua ya April ikigusa chini, mugumo unatoa majani mapya na mimi naupitia kuusalimia. July kwa ile baridi, nikiwa kazini huko Olkaria kwa visima vya mvuke, kichaka cha leleshwa kinanukia mpaka unasahau ile harufu ya mvuke. Kuna colleague wangu huweka majani ya leleshwa kwapani badala ya perfume. Kwa gari ya staff hakuna mtu amewahi kulalamika.

Halafu October inafika na Nakuru yote inakuwa zambarau.

Na wale wa kuniambia jacaranda ililetwa na wazungu, najua. Hata mahindi yalitoka mbali na ugali mnakula.

Sasa kwa ploti yetu iko jacaranda moja kubwa kando ya fence, mbele ya mlango wangu. Ndiyo ilinifanya nichukue hiyo nyumba. Choo ilikuwa haiflash vizuri, nikaangalia maua, nikasema sawa. Nikitoka Olkaria weekend natoa stool na chai nakaa chini yake. Ua likiingia kwa kikombe natoa na kidole naendelea.

Shida ilikuwa Mama Njoki, landlady wetu, anaishi hapo karibu na gate. Maua yalikuwa yanaziba gutter yake na kuangukia nguo zake kwa kamba. Lakini alikuwa anavumilia, mpaka Jumapili moja akitoka kwenda church, amevaa vizuri, handbag kwa mkono. Maua ya jacaranda yakilowa huteleza kama sabuni. Mathe akaenda chini mzima mzima, handbag ikaenda njia yake.

Hakuumia, tushukuru. Lakini tenants wote tulikuwa nje na tuliona, na hapo mti ukahukumiwa.

"Saturday jamaa wa power saw anakuja kuikata," akaniambia. "Hiyo mti imenizoea."

Nikamuomba. Nikamwambia mambo ya kivuli, hewa safi, ndege.

"Hao ndege wako hulipa rent?"

Wakuu, niliumia roho kabisa. Hiyo wiki nilikuwa off, na kila nikifungua mlango naona mti umesimama tu na maua yake, haujui kitu.

Ndio nikapata idea. Si mnajua vile watu huandika HII PLOTI HAIUZWI kwa ukuta ili matapeli wasiiuze? Nikasema power saw akikuta maandishi kama hayo ataogopa. Nikatafuta kipande cha mbao, nikaandika MTI HUU HAUUZWI, nikakifunga kwa shina na kamba kikiangalia barabara. Sikutumia msumari, mimi si mnyama.

Chenye nilisahau ni kwamba sisi tukisoma "haiuzwi" tunaelewa "kuja tuongee vizuri."

Jamaa wa makaa ndiye alisimama kwanza. "Boss, hauuzwi mzima ama hata matawi?"

Akafuata fundi wa viti, akagongagonga shina na kuweka sikio kama daktari. Akaja mzee mmoja amevaa koti, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kesi ya familia, kwa sababu yeye anaweza ngoja.

Mama Njoki akatoka.

"Kwa hivyo unauza mti yangu."

"Mathe, imeandikwa hauuzwi."

"Nani huandikia ng'ombe yake haiuzwi kama hajaipeleka soko? Power saw ikimaliza na hiyo mti, wewe pia panga vitu zako."

Nilikuwa naokoa mti, sasa nimepoteza mti na nyumba.

Saturday power saw akafika. Akasoma kibao, akaweka mashine chini.

"Mathe, mimi sikati kitu iko na kesi."

"Haina kesi."

"Basi imeandikwa ya nini?"

Kabla mathe ajibu, wale wanunuzi wakapita tena, wakaona mtu wa power saw wakafikiri mti umeshauzwa. Jamaa wa makaa akaingia, fundi wa viti nyuma yake, wakaanza kusukumana kwa gate nani alikuja kwanza. Mzee wa koti naye akasema yeye amengoja kwa heshima.

Mama Njoki akarudi nyuma hatua moja. Nikamuona akiangalia juu, kutoka shina mpaka kileleni, vile mtu huangalia shamba lake akisikia barabara inapitia hapo na serikali italipa.

"Mti unagombaniwa hivi, na mimi ndio nilikuwa nilipe mtu aukate? Tokeni kwa ploti yangu."

Akanigeukia. "Na wewe rudi kwa nyumba."

Weekend iliyofuata nikarudi kutoka Olkaria nikakuta amefagia maua, amehamisha kamba ya nguo nyuma, na kibao bado kipo. Chini ya maandishi yangu ameongeza laini yake na rangi nyekundu:

HATA WA NYUMBA NAMBA NNE ASIULIZE.

Namba nne ni mimi.

Somo langu ni hili. Ukitaka mtu apende mti usimsumbue na hewa safi. Mwambie kuna jirani anautaka.

Leteni miti ya kwenu na vituko vyake, nasoma zote. Lakini inbox nimefunga, kuna mtu ameshaanza kuniuliza hiyo jacaranda haiuzwi pesa ngapi.