Kamba ya Mgomba

Juzi sokoni Kitale mama mmoja alichomoa kamba kavu ya mgomba afunge mboga zangu za managu, nami nikaikodolea macho mpaka akaniuliza, "Kwani umeona nyoka?" Ilikuwa harufu yake tu. Mifuko ya suruali ya baba, alimoweka kamba kama hizo, ilinukia hivyo.

Baba aliwahi kuruka viunzi Olimpiki, kisha akarudi Tongaren kuwa kocha wa shule yetu. Viunzi vyetu vilikuwa vijiti viwili vilivyochomekwa nyasini, katikati amefunga kamba ya mgomba. Nilivionea aibu. Nilidhani ni umaskini.

"Baba, si watoto wa Bungoma mjini wanaruka mbao?" nilimwuliza alasiri moja, mahindi yakivuma kando ya uwanja.

"Mbao utaziruka, mama. Kimbia kwanza."

Nikakimbia. Goti likagonga kamba, nikafumba macho nikingoja kuanguka. Ikakatika, tak! Nikajikuta bado nakimbia, tena nacheka. Baba akachuchumaa kuifunga upya, polepole, fundo legelege. Suruali ikapanda, nikaliona lile kovu refu la mguuni.

"Jembe," alisema, kama alivyosema siku zote, akaishusha.

Tulipomzika ndipo shangazi aliponieleza. Mbao ya kiunzi cha shuleni ndiyo iliyompasua mguu akiwa mdogo, na tangu hapo, hata kule Olimpiki, kila kiunzi cha kwanza alikiruka akitetemeka.

Yule mama wa sokoni alikuwa ameshika ncha za kamba, anataka kuvuta.

"Wacha hivyo," nikamwambia. "Usikaze."