Theluthi ya Alfons Piontek

Jirani yangu Alfons Piontek alikuwa mtu wa viazi. Kiwanja chake katika bustani ambazo chama chetu huwakodisha wanachama, hapa Gelsenkirchen, mji wa Kijerumani, nyuma ya mgodi wa makaa, kilikuwa na matuta yaliyonyooka kama gwaride, na gugu lililothubutu kuchomoza lilikiona cha mtema kuni. Mimi kwangu nilipalilia kwa kumwogopa yeye, si kwa kupenda jembe.

Sikumlaumu. Utotoni mwake, mwaka wa njaa baada ya vita vikuu, mama yake aliwalisha watoto majani yawashayo ya kando ya reli, asubuhi na jioni, yamechemshwa kwa maji matupu. Alfons aliapa kwamba hayatapita tena kinywani mwake. Akaingia mgodini, akachimba makaa mpaka akanunua friji, gari na stoo iliyojaa mikebe ambayo hata vita vingine visingeimaliza. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Magoti yalipomshinda, robo tatu ya kiwanja akampa Annegret, binti yake wa pekee. Huyu ni mwalimu, na hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Alipewa cheo cha naibu mkuu wa shule, akakikataa. Alitaka mchana wake uwe wake, na Jumamosi aandamane kutetea misitu. Ile sehemu yake akaiacha iote itakavyo: nyasi za kufika magotini, maua mekundu, nyuki, na pembeni mwa uzio, kwa ajili ya vipepeo, majani yaleyale yawashayo. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Alfons hakucheka.

“Nimekaa chini ya ardhi maisha yangu yote ili wewe usiyaone haya majani,” alimwambia.

“Basi umefaulu, Baba. Sijawahi kulala njaa, ndiyo maana nikiyaona naona vipepeo tu.”

Mzee akageuka, akaenda kuvimwagilia viazi maji.

Kisha akaja mwenyekiti wetu, Lothar Buschkamp, mtu anayetembea na futi ya kupimia kama wengine wanavyotembea na leso. Kanuni ya chama inasema theluthi ya kiwanja iwe ya chakula. Kwa Piontek theluthi haikutimia, akasema, na Jumamosi kamati ingekuja kuamua kama kiwanja apewe mwingine. Alfons aliisikia habari hiyo amesimama, kisha akakaa juu ya ndoo. Bustani ile ndiyo iliyokuwa imebaki katika maisha yake, nami nilimwonea huruma kweli.

Jumamosi Annegret alifika mapema na fyekeo, macho mekundu. Alikuwa ameamua kufyeka yote kabla kamati haijafika. Alikuta uzio mtupu: majani yawashayo yameshakatwa, na kibanda cha babake kinatoa mvuke. Ndani Alfons alikuwa amevaa glavu zake za mgodini, anakoroga sufuria ya supu.

Kamati ilipoingia, kila mmoja akawekewa bakuli.

“Alfons, haya ni magugu,” alisema Buschkamp.

“Usinifanye mtoto, Lothar. Mama yako na mama yangu waliyagombania haya kule relini, na mama yako alikuwa na viwiko vikali. Sasa niambie ni chakula au si chakula.”

Buschkamp aliitazama supu. Akaonja, akaonja tena.

“Ya mama haikuwa na krimu,” alisema taratibu. Akaikunja futi yake na kuitia mfukoni. “Ni chakula. Andikeni theluthi imetimia.”

Walipoondoka, wawili wakijilamba midomo, nilibaki kusaidia kuosha vyombo. Bakuli la Alfons lilikuwa limejaa bado. Annegret aliliona, naye kiapo cha babake alikijua tangu utotoni.

“Baba, acha. Si lazima.”

Alfons alimtazama binti yake, akatazama nje kwenye zile nyasi ndefu zenye nyuki. Akachukua kijiko, akameza, uso ukakunjamana.

“Bado ni mabaya,” alisema.

Kisha akala mpaka bakuli likaisha.