Matanga Matatu ya Mama Mkwe Wangu

Mimi ndiye niliyemuua mama mkwe wangu mara tatu, na mara zote nilitia sahihi.

Wakati huo nilikuwa kontrakta mdogo wa mageti na madirisha ya vyuma kwenye magorofa ya kupangisha ya mtaa wa Gatina. Mshauri mmoja wa mambo ya kodi, mwenye ofisi juu ya bucha hapo Kawangware, alitukusanya mafundi kama kumi akatufundisha ujanja. Tajiri wa mjengo asitulipe sisi. Alipe chama chetu cha kuchangiana, na chama kitukopeshe. Mkopo si mapato, na kisicho mapato hakikatwi kodi. Nilipouliza nani angerudisha huo mkopo, alicheka mpaka akashika tumbo.

"Hii si kukwepa, boss," aliniambia. "Ni kupitia kando tu."

Sharti lilikuwa moja: kila mkopo uandikiwe sababu katika kitabu cha chama. Wengine wangeandika biashara. Sisi tumetoka mkoa wa Magharibi, na chama chetu hakikujua sababu ya kutoa pesa nyingi kwa mpigo isipokuwa matanga. Basi tukazika. Fundi wa plasta alimaliza wajomba wote. Wazazi wangu walikuwa wamekufa kweli na sikutaka kuwasumbua, kwa hiyo nikamwendea mama mkwe, aliyekuwa mzima kabisa akilima kijijini. Mara ya tatu nilimwandikia hadi jeneza la vioo, maana kazi hiyo ilikuwa na mageti sita. Sikuona haya hata kidogo. Nilijiona mjanja kuliko serikali.

Miaka ikapita, sheria ikabadilika, tena ikatazama nyuma: mikopo yote ya namna hiyo ikahesabiwa mapato, tangu ule wa kwanza. Mshauri alikuwa ameshahama, na juu ya bucha sasa kulikuwa na saluni. Ofisa wa kodi, mwanamke mpole, alifungua nakala ya kitabu chetu mbele yangu.

"Pole na misiba," alisema. "Ni mama mkwe mmoja ama ulikuwa nao watatu?"

"Mmoja, madam."

"Alizikwa wapi?"

"Yuko Sarang'ombe. Amekuja kutembea."

Ofisa aliinama chini ya meza kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake. Alipoinuka alinipa ile nakala, akakubali nilipe kidogo kidogo, ila malipo ya kwanza yalikuwa makubwa, na nisipoyaleta ndani ya mwezi mmoja mashine yangu ya kuchomelea ingechukuliwa. Bila mashine hiyo mimi ni mtu wa kubeba mawe.

Katika ukoo mzima, mwenye kitu cha kuuzika alikuwa yule yule marehemu. Alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa.

Kwetu mama mkwe halali kwa mkwewe, wala hawakai meza moja. Alikuwa amefikia kwa mwanawe huko Sarang'ombe, Kibera, chumba kimoja. Nikaenda na mke wangu kumwomba msaada, tukagawanywa na pazia: yeye upande wa kitanda, mimi upande wa jiko, na mke wangu katikati akipeleka maneno ambayo kila mtu alikuwa ameshayasikia.

"Mama anauliza hiyo kodi ni ya nini."

Nilikuwa nimepanga kusema biashara imeanguka. Lakini mke wangu alikuwa ameipata ile nakala katika koti langu asubuhi hiyo, na sasa akaitoa akaanza kuisoma kwa sauti.

Nyuma ya pazia kikatoka kicheko. "Jeneza la vioo? Mwambie asante."

Nikacheka pia, nikashusha pumzi. Kisha akaomba asomewe tena yale matanga ya pili, mwezi na mwaka.

"Ni mwezi ule nilimwomba pesa ya daktari wa macho," alisema. "Akasema site haijalipa."

Ilikuwa imelipa. Nilinunua televisheni. Nilikumbuka mpaka ukubwa wake, na nikajichukia.

"Mwambie auze ng'ombe mmoja," mama mkwe alisema. "Lakini nikifa kweli asilete mchango. Alishatoa. Na hiyo karatasi niachieni."

Mke wangu alikuwa akilia, kwa hiyo niliishika mimi. Mama akafungua pazia kidogo, mkono wake ukatokea, ukapapasa hewani, ukaipita mara mbili karatasi iliyokuwa mbele ya macho yake. Nikaisogeza mpaka ikagusa vidole vyake.