Mwenyewe Yu Wapi?

Mamangu hakuwahi kununua kitu kipya ambacho angeweza kukipata kikuukuu. Mapazia yetu yalitoka kwenye marobota ya mitumba ya Kongowea, sufuria zetu zilibonyea kwa mapigo ya watu wengine, na mkebe wa maziwa ya unga ukiisha uligeuka kata ya maji, kisha ukapandwa mrihani. Nyumba yetu ya Ziwa la Ng'ombe haikuwa na taka za maana. Lakini msidhani alikuwa mnunuzi mwepesi. Kila kitu alikinusa, akakibonyeza, kisha akamtazama muuzaji machoni na kumwuliza, "Mwenyewe yu wapi?"

Kama mwenyewe amehama, sawa. Kama amenunua kingine, sawa. Kama amekufa, mama alirudisha kitu mahali pake akaenda zake. Na hata vilivyopita mtihani huo havikuingia ndani kabla ya kufukizwa ubani barazani, mpaka majirani wakajua kwa pua tu kwamba tumenunua kitu. Mimi nimeirithi tabia hiyo, tena kwa ziada. Simwamini muuzaji anayecheka kabla sijacheka, wala simwamini anayenyamaza. Shati likiwa na kifungo kimoja tofauti, naanza kujiuliza kile cha kwanza kilinyofolewa na nani, na walikuwa wakigombania nini.

Kisha babangu akapigwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukalala. Alikuwa mtu wa msikitini na mtu wa baraza la kahawa. Sasa kazi yake ikawa kutazama dirisha. Ijumaa moja vijana wa mtaani walimketisha kwenye kiti cha plastiki, wakakinyanyua wanne, wakampeleka kuswali. Alirudi amekunja uso, akageukia ukuta.

"Sibebwi tena," alisema kwa ule ulimi wake uliokuwa mzito. "Nitabebwa siku moja tu."

Hatukubishana naye. Lakini tangu hapo hakutoka, akawa anakula kama anayeonja, nami niliogopa. Niliogopa kwamba babangu atafia mle chumbani kwa kukosa magurudumu tu. Kiti kipya cha magurudumu hatukukiweza.

Nikasikia kwamba Changamwe kuna yadi inayouza vitu vya hospitali vilivyokwisha kutumika ng'ambo, vinavyoletwa kwa makontena. Nikaenda na mama. Kiti nilikichukia nilipokiona. Lebo yake ilikuwa imekwanguliwa, na kwa nini mtu akwangue lebo kama hana la kuficha? Mkanda wa kiunoni ulikatwa, kikabaki kipande. Mto wa kukalia ulikuwa na doa ambalo muuzaji alisema ni la chai. Alicheka kabla sijacheka.

Mama akanusa. Akabonyeza. Nilijua linalokuja.

"Mwenyewe yu wapi, mwanangu?"

"Mathe, huyo alipona kabisa," akajibu muuzaji, mtu wa bara, mchangamfu. "Alisimama, akaanza kutembea, akakitoa. Haki ya Mungu."

"Wewe wamjua?"

"Simjui, lakini..."

"Kiti chatoka ng'ambo, mwenyewe humjui, na wajua kwamba alipona." Mama akajifunga leso yake vizuri. "Twende zetu."

Nilimshika mkono. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani mamangu adanganyike. Nikamnong'oneza kwamba baba anamalizika mle ndani.

"Na mimi simwoni?" akasema. "Lakini sitamkalisha babako kwenye kiti cha maiti. Wallahi simkalishi."

Muuzaji naye alikwisha kukasirika. Alikikunja kiti kwa kishindo, akakitupa juu ya rundo la vitanda vya chuma, magurudumu yakawa juu. Mama, aliyekuwa amefika langoni, akageuka kwa ule mshindo. Akasimama. Kisha akarudi, akapitisha kidole kwenye tairi.

Tairi zilikuwa vipara vitupu. Na ile pete ya chuma pembeni mwa gurudumu, ambayo mtu huishika ili ajisukume, ilikuwa imechubuka rangi yote ikabaki kung'aa.

"Huyu hakulazwa," mama alisema, kama anayejisemea. "Huyu alikuwa akitoka."

"Huenda alikufa vilevile," nikasema, maana mdomo wangu una tabia ya kuniharibia.

"Huenda. Lakini alitoka."

Tukakichukua. Mto tuliuacha kulekule na chai yake. Mama alishona mwingine kwa leso kuukuu, akaujaza sufi. Fundi wa baiskeli wa mtaani alitufungia tairi mpya. Ubani ulifukizwa mpaka macho yakatuwasha, na baba alipokalishwa, alinusa mkono wa kiti, akacheka kwa upande wake mmoja.

"Chanukia kama bibi harusi," akasema.

Mimi bado sikukiamini. Nilimfuata nyuma na spana mkobani, na kwenye ubao wa kuvukia mtaro nilizuia pumzi kila siku. Kiti kilikuwa na mlio, kwi, kwi, nikawa na hakika ndio mwanzo wa kuvunjika. Hakikuvunjika. Baba alijisukuma kwa mkono mmoja na mguu mmoja, msikitini, kwenye kahawa, hata kule kwenye duka la mbali alikodai sukari yake ni nzuri zaidi. Watoto wakisikia kwi, kwi walipisha njia. Akaanza kula. Akaanza tena kubishana na wenziwe, na hapo nikajua tumempata.

Kiharusi cha pili kilimkuta pale pale kwenye kahawa, katikati ya mabishano. Akabebwa siku moja, kama alivyosema.

Mama alipomaliza eda, alikuja mwanamke mmoja kutoka Utange. Mumewe alikuwa ameanguka kutoka juu ya mnazi, miguu haimfanyi kazi tena, na amekataa kutoka ndani. Mama alikwisha kusema kiti hakiuzwi, kitatolewa sadaka. Hata hivyo yule mwanamke alikitilia shaka. Alikinusa. Akabonyeza mto.

"Samahani, mamangu," akasema. "Mwenyewe yu wapi?"

Jibu nilikuwa nalo ulimini, tayari: alipona, alisimama, akakitoa. Nilikuwa naliona lile dirisha la Utange na mtu anayelitazama, na nilitaka achukue kiti aende.

"Amekufa," mama akasema.

Uso wa yule mwanamke ukakunjamana. Akaachia kiti, akainama kuokota mkoba wake. Mama hakumsihi. Alikilaza kiti chini, magurudumu juu, akamshika mkono na kumwekea kidole chake kwenye tairi.

"Hizi tulizifunga mpya," akamwambia. "Kazimaliza yeye."

Mwanamke alipapasa gurudumu la kwanza, polepole, mzunguko mzima. Akapapasa la pili. Tairi zilikuwa vipara vitupu. Mkono wake ukiwa bado juu ya tairi, akamtazama mamangu.

"Ubani mnao?" akauliza.